Mgodi wa Makaa ya Mawe wa Kiwira-Kabulo

Kiwira-Kabulo ni mgodi wa makaa ya mawe unaomilikiwa na serikali ya Tanzania kupitia Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), lililoundwa mwaka 1972. Upo kusini-magharibi mwa nchi, katika wilaya za Kyela (Mbeya) na Ileje (Songwe). Kiwira ni mgodi wa chini ya ardhi. Kabulo, kilima cha jirani, huchimbwa kwa shimo la wazi.

Kiwira ulijengwa kwa msaada wa China, ukaanza kuzalisha mwaka 1988, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Mwaka 2005 ulibinafsishwa. Hisa nyingi zilikwenda kwa TanPower Resources, kampuni iliyohusishwa na Benjamin Mkapa, aliyekuwa akimaliza urais mwaka huohuo, na Daniel Yona, waziri wake wa nishati na madini. Bei iliyotajwa, shilingi milioni 700, ilizua mjadala mkali bungeni na magazetini, na waliouliza walikuwa na haki kamili: kilichouzwa kilikuwa cha umma. Mtambo mpya wa megawati 200 uliokusudiwa haukujengwa. Uzalishaji ulisimama, na wachimbaji wakabaki wakidai malimbikizo ya mishahara, huku mgodi wa chini ukihitaji pampu kila siku ili maji yasiujaze. Serikali iliurudisha mgodi mikononi mwake na kuukabidhi tena STAMICO.



Mwaka 2017 STAMICO ilianza kuchimba Kabulo, baada ya serikali kuzuia makaa ya mawe kutoka nje mwaka 2016. Hapo hakuna kuteremka shimoni. Eskaveta huondoa udongo na miamba ya juu hadi tabaka jeusi litokeze, kisha makaa hupakiwa kwenye malori. Kifusi kikilowa, njia za mgodini huwa tope tupu na malori hukwama. Wanunuzi wakubwa ni viwanda vya saruji, lakini sehemu ya makaa hayo sasa inafika jikoni: STAMICO huyachakata kuwa mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes, badala ya mkaa wa miti.