Hamamu ya Maji Machache: Kutoka Yangzhou Hadi Kambu

Atakaye kusanifu hamamu ya umma katika mji wa Kambu, ulio kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, katika nyanda za joto za Makueni ambako mvua ni haba na akina mama huwaswaga punda alfajiri kutafuta maji, hana budi kwanza kulijibu suala ambalo mafundi wa Uchina wa kale walikwisha kulijibu kwa ustadi: moto mmoja na maji ya kiasi vitawatoshaje watu wengi?

Li Dou, katika kitabu chake juu ya mji wa Yangzhou kilichotoka mwaka 1795, ameeleza birika la mawe meupe lililokatwa sehemu kadha wa kadha. Iliyo kubwa ilikaribiana na chungu cha kuchemshia, maji yake yakiwa makali, ya wastani ikafuatia, na ile ndogo, yenye maji ya vuguvugu, ikaachiwa watoto. Kando palikuwa na makabati ya nguo na chumba cha faragha chenye joto, na watumishi wakiwakanda waogaji viungo baada ya chai na mvinyo. Marco Polo naye, akisimulia habari za Hangzhou, asema kwamba wenyeji walizoea maji baridi tangu utotoni, ilhali vyumba vya maji moto viliwekwa kwa ajili ya wageni.

Pwani yetu nayo haikuwa geni kwa anasa hii. Kilwa, katika kasri ya Husuni Kubwa ya karne ya 14, lingalipo birika la pembe nane. Na huko Kidichi, Unguja, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu yapata mwaka 1850. Lakini hizo zilikuwa za wafalme. Hamamni, mjini Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash (1870–1888) kwa ustadi wa fundi Haji Gulamhussein, ndiyo iliyofunguliwa umma, nayo ikatumika hata mwaka 1920. Barghash huyo huyo ndiye aliyeleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za nje, na mtu akiyatazama mambo haya mawili pamoja, hatashangaa kuwa hamamu ilifuatana na mfereji.

Kwa Kambu, basi, nahofia zaidi mapambo kuliko gharama. Tangu reli mpya ya Mombasa na Nairobi, kazi ya kampuni ya Kichina, ifunguliwe mwaka 2017, ni rahisi mtu kudhani kwamba Uchina ni paa lililopinda ncha na nguzo nyekundu. La kuazimwa ni lile birika lenye ngazi za joto, likipangwa ili maji yashuke yenyewe kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kila mtu ajisugue kwanza kwa kopo na sabuni kwenye sakafu yenye mwinamo, ndipo aingie. Hivyo maji ya birika hukaa safi kwa muda. Maji ya sabuni yaelekezwe kwenye migomba. Kuni zisitumike, kwani miti ya Ukambani imekwisha kulipa vya kutosha kwa makaa. Mabomba meusi juu ya paa, chini ya jua hili kali, yanatosha. Paa nalo likinge mvua za Machi na za Novemba na kuzipeleka kwenye tangi la chini ya ardhi.

Kuhusu ijara, naona kanuni ya Hangzhou yafaa: dereva wa lori aendaye Malaba, aliyechoka na vumbi, alipe ghali kwa sehemu ya maji moto, mwenyeji wa Kambu, ambaye hali ya hewa imemtosha kwa joto, alipe kidogo kwa maji baridi, na wanawake watengewe upande wao wenye mlango wake, si saa za kugawiana na wanaume.