Bushi ya gia na barabara ya Zambia

Historia ya barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma imezoeleka kuandikwa kwa tani za shaba, mapipa ya mafuta na majina ya marais. Inaweza pia kuandikwa kwa kitu kisichozidi ukubwa wa kizibo cha soda: bushi ya gia, kile kipande cha nailoni, mpira au shaba nyeusi kinachokaa kwenye maungio ya vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi. Wengi husema ufundi wa kuchonga spea uliostawi Iringa na Mbeya ulizaliwa na uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati fedha za kigeni zilipoadimika. Naona maelezo hayo yanapunja historia. Uhaba uliukuza ufundi huo, lakini milima na umbali vilikuwa vimekwisha kuuhitaji zamani.

Nyanda za Juu Kusini zilitegemea magari kabla ya uhuru, kwa sababu reli ya kati ilipita mbali nazo. Malori ndiyo yaliyofikisha mizigo kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, katika miaka ya 1930, na shirika la reli lenyewe likawa na huduma yake ya barabara kuunganisha Iringa na Mbeya na stesheni zake. Kisha, tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith akajitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia haikuweza tena kuutegemea mlango wake wa kusini. Mafuta yakaanza kupandishwa kwa mapipa kutoka Dar es Salaam na shaba kuteremshwa, kwenye njia ya zaidi ya kilomita 900 ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Serikali za Tanzania na Zambia zikaunda Zambia Tanzania Road Services, kampuni iliyotembeza malori ya Fiat. Masika njia ilikuwa tope, kiangazi vumbi, na vumbi likinasa kwenye grisi husaga kila kiungo kinachocheza.

Hapo ndipo bushi inapoingia. Katika lori ambalo dereva huketi juu ya injini, giaboksi iko nyuma yake, kwa hiyo mwendo wa mkono wake hupita kwenye vyuma virefu na maungio kadhaa. Ulegevu mdogo wa kila kiungo hujumlishwa na wa kinachofuata, hadi mkono wa gia unayumba na gia ya pili haijulikani iko wapi. Peugeot 404 yenye gia za usukani ilikuwa na tabia hiyohiyo, ingawa anayeidharau akumbuke kwamba gari hilo lilishinda mbio za Safari mara nne, mwaka 1963 na kisha 1966 hadi 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Kwenye tambarare dereva huvumilia ulegevu huo. Mlima wa Kitonga haukubali. Lori la shaba huteremka mlima huo likiwa limejaa, na dereva hutegemea gia nzito kulizuia ili breki zisiungue. Gia ikigoma katikati ya mteremko, hakuna nafasi ya kujaribu tena. Miteremko ya Iwambi na Inyala, upande wa Mbeya, haina huruma zaidi. Hivyo kubadilisha bushi hakukuwa urembo wa gari, na lori lililolala Mbeya mwaka 1967 likisubiri kipande hicho kitoke Dar es Salaam lilikuwa hasara ya kila siku, hata kama duka la huko lilikuwa nacho tele.

Atakayebisha atasema reli iliyapunguzia malori kazi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Ni kweli, lakini reli hiyo ilipita Mlimba na Makambako ikauacha mji wa Iringa kando, na haikuwahi kufikia tani milioni mbili kwa mwaka zilizokusudiwa. Barabara ikabaki na kazi yake. Ndipo ikaja dhiki yenyewe: mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, na kibali cha kuagiza spea kikawa bidhaa adimu kuliko spea. SIDO, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilikuwepo kutetea viwanda vidogo, ila mtu wa gereji bubu mwenye kipande cha tairi na kisu kikali hakungoja warsha.

Pingamizi zito zaidi ni la ubora: kipande cha kuchonga kitalinganaje na cha kiwandani? Kwa bushi ya usukani au ya springi, pingamizi hilo nalikubali lote, maana hapo uzito au mwelekeo wa gari umeegemea juu yake. Bushi ya gia hubeba nguvu ya mkono wa mtu tu, haizunguki kwa kasi wala haipati joto kali. Mpira wa tairi hutuliza mtetemo lakini hufanya gia iwe kama inavutwa kwenye matope. Shaba nyeusi hudumu, ila ikikosa grisi hula pini, na pini ni ghali kuliko bushi. Nailoni iliyokerezwa ndiyo ya kati: huisha yenyewe ikaiacha pini salama, mradi mkerezaji aache nafasi kidogo, kwani nailoni hunyonya unyevu na kuvimba.

Kama ufundi huu ungekuwa mtoto wa uhaba peke yake, ungekufa biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na magari yaliyotumika Japani yalipofurika baadaye. Haukufa, kwa sababu mara nyingi kiwanda hakiuzi bushi peke yake. Huuza mkono mzima, au katika magari ya sasa waya mzima wa gia, ilhali kilichokatika ni kikombe cha plastiki kwenye ncha yake. Mteja wa Mwanjelwa, Mbeya, huombwa alipie waya mzima, na mashine ya kukereza iko mtaa wa pili.