Sekunde za Witiri Zilizopotea

Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiutunga mfumo wa kompyuta wa Unix katika maabara ya Bell huko Marekani, saa waliyoipa mashine yao haikuhesabu sekunde bali sehemu ya sitini ya sekunde, kwa kuwa umeme wa nchi ile hupiga mara 60 kila sekunde, na mapigo hayo ndiyo waliyoyafuata. Kitabu chao cha Novemba 1971 chaeleza kuwa hesabu ilianzia tarehe 1 Januari mwaka uleule. Walakini biti 32 walizoitengea zilijaa kwa siku zipatazo 829 tu, hata ikawabidi waache kupasua sekunde na kuandika sekunde kamili.

Hiyo ilikuwa iktisadi ya mtu mwenye ghala dogo, nami siilaumu. Ajabu zaidi ni ile ya mfumo wa MS-DOS, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila faili ilipewa biti 16 za kuandikia wakati: tano zikaenda kwa saa, kwani zina nafasi 32 na saa za siku ni 24, sita zikaenda kwa dakika, na tano zilizosalia, zenye nafasi zilezile 32, zikatakiwa zibebe sekunde 60. Hazikuweza. Basi ikaamuliwa iandikwe nusu yake, na msomaji airudufishe: sekunde ya 37 huwa 18, na 18 ikisomwa huwa 36. Kuanzia hapo sekunde zote zikawa shufwa, na witiri, ambayo kwetu pwani ndiyo hufunga sala za usiku, ikakosa mahali.

Taksiri hiyo yaonekana ndogo hata siku mtu anaponakili faili zake kutoka diski ya NTFS, ambayo hupima sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, kwenda kwenye diski ya FAT, yenye hesabu hiyo ya MS-DOS: programu ya kunakili ikilinganisha nyakati huziona hazilingani, ikazinakili upya leo, na kesho tena, ilhali hapana herufi iliyobadilika. Ndiyo maana rsync, programu ya kunakili iliyotoka mwaka 1996, ina agizo la kuisamehe tofauti ya sekunde moja.

Faili za zip, zilizobuniwa mwaka 1989, zilirithi hesabu ileile. Msomaji na afungue moja isiyo na nyongeza za baadaye, atazame nyakati zilizomo: hataikuta sekunde ya witiri hata moja.