Filipiki: hasira yenye hesabu

Katika lugha nyingi za Ulaya, hotuba kali ya kumshambulia mtu huitwa filipiki, na siku hizi yeyote anayefoka jukwaani huhesabiwa kuwa ameitoa. Asili ya neno hilo inadai zaidi ya kufoka. Limetokana na Philip wa Pili, mfalme wa Makedonia, ambaye msemaji Demosthenes alimpinga kwa hotuba mashuhuri mjini Athens mwaka 351 KK. Ajabu ni kwamba katika hotuba ile wanaokaripiwa zaidi ni raia wa Athens wenyewe, wanaozurura wakiulizana kama Philip amekufa au anaumwa, huku akiwanyang'anya ngome moja baada ya nyingine. Kisha unakuja mpango: askari wa miguu 2,000, wapanda farasi 200, robo yao wawe raia, na merikebu 10 ziendazo kasi. Posho ya chakula imekokotolewa pia: drakma 10 kwa mwezi kwa kila askari wa miguu, 30 kwa mpanda farasi, ukijumlisha na merikebu, talanta 92 kwa mwaka. Mwenye hasira tupu hapigi hesabu ya posho.

Atakayepinga atamtaja Cicero wa Roma, ambaye kwa utani alizipa jina hilohilo hotuba zake 14 za mwaka 44 na 43 KK dhidi ya mpinzani wake wa kisiasa, Marcus Antonius. Kweli, ile ya pili, maarufu kuliko zote, imejaa kejeli za ulevi wa Antonius, hadi kutapika kwake mbele ya watu. Lakini hiyo haikutamkwa barazani; ilisambazwa kwa maandishi. Alizozitoa kwa kinywa chake zilibishania mambo ya kuamuliwa: nani apewe jeshi, na kama wajumbe wa amani wapelekwe au la.

Pingamizi zito zaidi ni methali yetu: hasira hasara. Athens ilishindwa na Philip kwenye vita vya Chaeronea mwaka 338 KK; Cicero aliuawa tarehe 7 Desemba mwaka 43 KK, kichwa chake kikatundikwa kwenye jukwaa la wasemaji. Hata hivyo, hasara ya Athens haikuletwa na ukali wa msemaji. Ililetwa na uzito wa wasikilizaji: mji rafiki wa Olynthus uliangamizwa mwaka 348 KK, msaada wa mwisho wa Athens ukiwa umechelewa. Basi anayetukana bila kusema la kufanya tumwite mtukanaji. Filipiki ibaki kuwa jina la hotuba inayomtaja adui waziwazi, inayowakosoa walio upande wake kwanza, na inayotaja gharama.