Mzinga, Nta na Soko la Mombasa

Mzinga wa asili katika pwani ya Kenya ni gogo. Wamijikenda walioishi nyuma ya Mombasa, na Wakamba mbali zaidi bara, walikata kipande cha mti chenye urefu wa mita moja hivi, wakakichimba kwa tezo hadi kikawa wazi ndani, kisha wakaziba ncha zake kwa vifuniko vyenye matundu madogo ya nyuki kupitia. Mzinga mpya hupakwa nta ndani, kwa kuwa harufu yake huvuta kundi linalotafuta makao, na hutundikwa juu ya mti ili nyegere asiufikie. Zana nyingine za mrinaji zilikuwa chache: kamba ya kupandia, kisu, chombo cha kutilia masega, na kienge cha nyasi kavu kinachofuka moshi. Moshi hufunika harufu ya hatari ambayo nyuki huarifiana kwayo, na huwafanya wakimbilie kunywa asali badala ya kuuma.

Kisiwa chenyewe cha Mombasa hakikujulikana kwa mizinga bali kwa soko. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za Mombasa mnamo 1516, anasema watu wa mji walipigana mara kwa mara na watu wa bara, na bado walifanya biashara nao na kujipatia asali, nta na pembe za ndovu kwa wingi. Kwamba nta ilitajwa sambamba na pembe si ajabu. Asali ni nzito, humwagika, na ikiingia maji huchacha. Nta haiozi, inapangika jahazini, na nchi za ng'ambo ziliihitaji kwa mishumaa. Mafundi wa pwani nao walikuwa na kazi nayo: siwa (baragumu) ya shaba ya Lamu ilitengenezwa kwa kalibu iliyofinyangwa juu ya nta, kisha nta ikayeyushwa itoke ili shaba ishike nafasi yake.

Kuitoa nta kwenye masega ni kazi ya sufuria na kitambaa. Masega yaliyokamuliwa hutiwa katika maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 63, ikachujwa kwa kitambaa, ikaelea na kuganda juu ya maji yanapopoa. Anayeichemsha kupita kiasi huiharibu rangi, na kwa mnunuzi rangi ni nusu ya bei.

Zana za kisasa zilianza kubuniwa mbali na Afrika. Mwaka 1852 Mmarekani Lorenzo Langstroth alipata hataza ya mzinga wa fremu za kuchomoa, na 1865 Franz von Hruschka akaonyesha mashine ya kuzungusha masega hadi asali irukie nje bila sega kuvunjika. Bomba la moshi lenye viriba lilifuata katika miaka ya 1870. Pwani hii bomba hilo hulishwa makumbi ya nazi, yanayofuka polepole na kwa muda mrefu.

Vifaa hivyo vilikuwa ghali, na vipimo vyake vilikuwa vya nyuki wa Ulaya. Nyuki wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyeainishwa na F. G. Smith mwaka 1961 kwa jina litorea, ni mdogo zaidi. Mradi wa Kenya na Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulitoa jibu linalofaa zaidi: sanduku lenye pande za mteremko, lililofunikwa kwa vijiti vya mbao vyenye upana wa milimita 32, kila kimoja kikibeba sega lake. Fundi seremala wa kawaida anaweza kulitengeneza. Na kwa kuwa sega hukatwa zima, mfugaji hupata nta pia, jambo ambalo mzinga wa fremu humnyima kwa sehemu kubwa.

Mji wa Kale wa Mombasa, wenye nyumba zilizobanana na vichochoro vyembamba, haumfai nyuki mkali wa Afrika. Anayefuga kwa kujifurahisha huweka mizinga shambani Kwale au Kilifi. Wengine wamegeukia mikoko: Mikindani, ng'ambo ya kisiwa, mizinga imetundikwa ndani ya msitu, nyuki wakila maua ya mikoko na kuwatisha wakataji miti. Waya za kutundikia hupakwa grisi ili siafu wasipite, na hukaguliwa mara kwa mara, maana hewa ya chumvi huzila upesi.