Makambako hadi Njombe kwa baiskeli

Tarehe tumeshakubaliana: Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Watu kumi na mmoja, baiskeli kumi na moja, na Noah moja ya kubeba maji, ndizi na watakaoshindwa. Tunaanzia stesheni ya TAZARA pale Makambako saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tunamalizia Njombe mjini. Ni kilomita kama sitini hivi. Mimi ndiye katibu wa safari, yaani ndiye ninayepigiwa simu saa nne usiku na mtu anayetaka kujua kama supu itakuwepo.

Katibu ndiye aliyepewa pia kazi ya kuandika kanuni. Kofia ngumu ni lazima. Hakuna kupanda wawili wawili sambamba. Kila mtu aje na tyubu ya akiba. Kanuni ya tano niliiandika bila kufikiri sana: atakayebaki nyuma ya kundi kwa zaidi ya nusu saa atapakiwa kwenye Noah, yeye na baiskeli yake.

Siku tatu baadaye mjomba wangu alinipigia. Ana miaka sitini na sita. Akasema, "Mpwa wangu, nimesikia mnapanda Njombe. Nakuja. Nakuja na Raleigh ya mzee."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria kanuni ya tano kuliko supu, na nilichokigundua ndicho ninachotaka kukusimulia, msomaji.

Nianze na mlima wenyewe. Mtu wa Moshi ukimwambia unapanda mlima kutoka Makambako kwenda Njombe atacheka, maana hakuna kilele. Makambako iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe takriban mita 1,900. Mita mia mbili ndani ya kilomita sitini, mtu atasema, hiyo nayo ni nini? Shida ni kwamba barabara haipandi mara moja ikamaliza. Inapanda, inateremka bondeni kuvuka kijito, inapanda tena. Ulichokipata kwa jasho unakirudisha bondeni, halafu unaanza kukitafuta upya. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa jiografia, alipanda basi makusudi ili ahesabu miinuko. Alipofika Mtwango akaacha kuhesabu.

Na urefu wenyewe si wa kudharauliwa. Tour de France ilianza mwaka 1903, lakini ilikuwa 1910 ndipo waandaaji walipoipeleka kwenye milima mirefu ya Pyrenees. Mlima uliojulikana kuliko yote ulikuwa Tourmalet, ambao njia yake inavukia kwenye mita 2,115. Kwa hiyo kule ambako waendesha baiskeli wa Ulaya walifika wakihema, sisi tupo mita mia mbili hivi chini yake, na akina mama wamekaa sokoni wanauza viazi.

Mwaka ule wa 1910 Octave Lapize ndiye aliyefika wa kwanza juu ya Tourmalet. Sehemu ya mlima hakuiendesha baiskeli. Alishuka akaisukuma. Nyuma yake alikuja Gustave Garrigou, ambaye aliupanda mlima wote bila kukanyaga chini, akapewa zawadi ya faranga 100 kwa ajili hiyo. Siku hiyohiyo Lapize, kwa hasira, aliwaita waandaaji wauaji. Lakini mashindano yalipoisha Paris, mshindi alikuwa Lapize, yule aliyesukuma. Tukumbuke pia kwamba giya za kubadilisha zenye mnyororo unaohama hazikuruhusiwa kwenye mashindano hayo mpaka 1937. Baiskeli ya Lapize mlimani haikuwa mbali sana na Raleigh ya babu yangu.

Sasa nije kwa babu.

Kwenye ukoo wetu kuna hadithi ambayo kila mtoto ameisikia msibani au harusini: babu, mzaa mama, aliporudi kutoka kwenye mkonge aliipanda milima yote ya Makambako hadi nyumbani juu ya baiskeli yake mpya, kwa siku moja, na kijiji kizima kikatoka kumpokea. Mjomba huisimulia akiwa amesimama. Ndiyo sababu anataka kuja. Anataka kurudia alichofanya baba yake.

Wasomaji wadogo huenda hawajui habari ya mkonge. Enzi za Waingereza, Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa katani, na mashamba yalikuwa Tanga, Morogoro, Kilosa na kwingineko, mbali na huku kwetu. Wilaya ya Njombe ilikuwa moja ya machimbo ya nguvukazi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokuwa ikikusanya vijana wa nyanda za juu na kuwapeleka kwa malori. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku thelathini za kazi. Siku usiyomaliza kazi uliyopimiwa haiandikwi. Ukiugua, haiandikwi.

Kodi ilikuwa inadaiwa kwa fedha, na fedha huku hazikuwepo. Kazi ya mshahara karibu na nyumbani ilianza kupatikana zaidi baada ya 1949, Shirika la Maendeleo la Makoloni lilipoanzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, ile tunayoiita TANWAT, kwa ajili ya magome ya kutengenezea dawa ya ngozi. Hata hivyo vijana waliendelea kwenda mkonge. Waliobahatika walirudi na blanketi, shuka la mama, pengine cherehani. Aliyebahatika sana alirudi na baiskeli. Raleigh ya Nottingham, nyeusi, breki za vyuma, taa ya dainamo na keria ya nyuma. Babu alirudi nayo mwaka 1957.

Nilikwenda kwa Bibi kumuuliza habari hizo ili niziandike vizuri, nizisome siku tutakapofika Njombe. Bibi huwa ananiitaga mume wangu, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu. Nilimkuta anaota moto. Baada ya kamwene na shikamoo nikamwambia, Bibi, nisimulie ile siku Babu alipopanda milima.

Akanitazama. "Mume wangu, babu yako hakupanda. Alisukuma."

Nilidhani anatania.

"Alisukuma toka Makambako lori lilipowashusha. Siku mbili. Walilala njiani kwa watu. Kwenye keria alikuwa amemfunga mwenzake kwa kitenge, yule wa kijiji cha pili, waliondoka pamoja wakarudi pamoja. Alikuwa anakohoa, hawezi hata kusimama. Sasa wewe unafikiri angeendeshaje na mtu amelegea nyuma? Kwenye mteremko ndiyo alikuwa anaivuta kwa nyuma isije ikawashinda. Mimi niliwaona wanaingia. Nilikuwa msichana, nilikuwa natoka kisimani."

Nikamuuliza yule mwenzake alipona?

"Alifika kwao. Mama yake alimuona. Alikaa mwezi mmoja."

Na ile hadithi ya kupanda kwa siku moja ilitoka wapi? Bibi akacheka kidogo. Akasema watu walianza kuisimulia Babu akiwa hai, kwenye ulanzi, na Babu hakuwa mtu wa kubishana na watu waliokunywa. Halafu akaongeza kwamba kwa mama wa yule mwenzake haikuwahi kusimuliwa hivyo.

Nimeishi na taarifa hiyo wiki nzima. Mwanzoni nilijisikia kama nimenyang'anywa kitu. Kisha nikaanza kutazama barabarani, nikaona kwamba Bibi alikuwa amenieleza historia ya baiskeli ya huku kwetu kuliko nilivyokuwa nimeisoma popote.

Maana huku nyanda za juu baiskeli haijawahi kuwa chombo cha kupandia mlima. Ni punda asiyekula majani. Mwenye ulanzi hufunga madumu pande zote mbili na moja juu, mlimani anasukuma kifua kikiwa kimegusa usukani, na mteremkoni anabana tairi la nyuma kwa ndala kwa sababu breki zilikwisha zamani. Mwenye mkaa hivyohivyo. Mwenye mbao hivyohivyo. Mjamzito alipelekwa zahanati kwenye keria, na maiti ilirudishwa nyumbani kwenye keria. Miaka ya Ujamaa tukapata baiskeli yetu, Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya umma ya NABICO, kisha zikajaa Phoenix za China na Avon za India. Majina yalibadilika, keria ilibaki. Mpaka leo fundi wa baiskeli atakwambia kinachoanza kufa si cheni, ni spoki za gurudumu la nyuma.

Barabara nayo ilibadilika. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na vijana wetu na wa Zambia kati ya 1970 na 1975, ilipanda kutoka bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja mpaka ikafika Makambako, ikageukia Mbeya. Njombe haikufika. Lami ya kwenda Njombe na Songea ilikuja miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ndiyo barabara aliyosukumia Babu.

Lami hiyohiyo ndiyo iliyonifanya niandike kanuni ya tano, na hapa naomba nisihukumiwe haraka. Njia ya Makambako na Njombe leo ina malori ya mbao, malori ya viazi na parachichi, na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma. Bega la barabara ni jembamba. Kundi likichanika, wengine wako mbele kilomita kumi na mwingine yuko peke yake kwenye kona na jua la saa sita, huyo mmoja ndiye atakayegongwa. Kanuni haikuwa ya dharau. Ilikuwa ya woga, na woga wenyewe una sababu.

Kwa hiyo kwenye kikao cha Jumapili niliyaweka yote mezani: malori, mjomba, Raleigh, na habari ya Bibi. Kijana mmoja mwenye baiskeli ya mashindano, nyepesi unaiinua kwa vidole viwili, alisema waziwazi. "Kaka, pole na yote, lakini sisi tunaenda mazoezi, hatuendi msibani." Hakuwa na ubaya. Septemba 2025 alisafiri kwa basi hadi Kigali kutazama mashindano ya dunia ya barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, akamuona Pogačar kwa macho yake akipita kwenye vilima vya mji ule. Tangu hapo anaamini Njombe inaweza kutoa mpanda milima, na mimi pia naamini. Vilima tunavyo, hewa nyembamba tunayo, na kijana anayesukuma madumu ya ulanzi toka utotoni miguu anayo.

Mwalimu wa jiografia ndiye aliyetutoa. Alisema tatizo la barabarani si mwendo wa polepole, tatizo ni kuachana. Kundi la watu kumi na wawili wenye fulana za kung'aa, likienda mwendo wa mzee, linaonekana na dereva wa lori toka mbali. Kundi la haraka lenye mkia wa kilomita kumi halionekani. Tukakaa kimya. Hesabu ilikuwa sahihi na hakuna aliyekuwa ameipiga, mimi katibu nikiwa wa kwanza.

Kijana wa baiskeli nyepesi akaomba jambo moja tu: kwamba mwinuko wa mwisho, ule wa kuingia mjini baada ya maporomoko ya Luhuji, wenye haraka waachiwe waende, Noah ikiwa nyuma yao, kisha warudi kuwafuata wengine. Tukakubali. Ana haki yake ya kuitafuta faranga 100 ya Garrigou.

Kanuni ya tano sasa inasomeka hivi: mlimani tunakwenda mwendo wa wa mwisho, akishuka kusukuma, wawili wanashuka naye, Noah ni ya maji na wagonjwa.

Mjomba sijamwambia bado alichonisimulia Bibi. Nilikusudia kumwambia kwenye simu nikashindwa. Ni baba yake, na ni hadithi aliyoisimulia amesimama kwa miaka arobaini. Nafikiri nitamwambia njiani, kwenye mwinuko wa kwanza mrefu, tukiwa tumeshuka wote wawili na pumzi ya kubishana haipo.

Jana nilimpeleka na Raleigh kwa fundi Makambako. Fremu nzima, dainamo imekufa, gurudumu la nyuma linahitaji spoki sita. Mpira wa breki za vyuma za namna ile haupatikani tena dukani. Fundi akasema atakata vipande kutoka tairi kuukuu la pikipiki, avichonge. Mjomba akamuuliza kama vitashika mteremkoni. Fundi akajibu kwamba vitashika, lakini asiache kuvaa ndala.