"Gift": zawadi kwa Mwingereza, sumu kwa Mjerumani

Neno la Kiingereza "gift", lenye maana ya zawadi, hugeuka kuwa sumu linapoandikwa Ujerumani. Nchini Denmark, Norway na Uswidi lina maana mbili: sumu, na hali ya kuwa katika ndoa. Waholanzi, ingawa wanapakana na Ujerumani, wamebaki upande wa Waingereza. Kwao "gift" ni kitu kinachotolewa bure, mathalani mchango kwa shirika la hisani, na sumu huitwa "gif".

Mzizi wa maneno hayo yote ni mmoja, nao ni kitenzi cha kutoa. Maana ya sumu ilitokana na lugha ya matabibu. Wagiriki wa kale waliita kipimo cha dawa "dosis", yaani kilichotolewa. Neno hilo likapita katika Kilatini, na wasemaji wa Kijerumani wakalifasiri kwa neno lao wenyewe. Hatimaye maana ya dawa ikapotea, ikabaki ya kitu kinachoua. Msomaji wa Kiswahili analijua neno hilohilo la Kigiriki, lililomfikia kwa njia ya Kiingereza: ni dozi.

Maana ya ndoa nayo inatokana na desturi ya baba kumtoa binti yake kwa mume. Siku hizi neno hutumika kwa mke na mume bila tofauti, jambo linalomtatiza mfasiri, kwani Kiswahili humlazimu kuchagua kati ya "ameoa" na "ameolewa".

Mtego mkubwa zaidi umo katika neno la Kijerumani "Mitgift". Hilo halina sumu. Ni mali ambayo binti hupewa na wazazi wake aende nayo kwa mumewe. Ni rahisi kuliandika "mahari", lakini mahari hutoka upande wa mume. Katika shauri la talaka, kosa hilo linatosha kumgeuza aliyetoa mali kuwa aliyeipokea.

Kwa mgeni wa kawaida, hatari iko kwenye lebo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1272 ya mwaka 2008 inataka lebo za kemikali hatari ziandikwe kwa lugha rasmi ya nchi zinakouzwa, na ziwe na alama za picha. Fuvu la kichwa na mifupa miwili ndani ya mpaka mwekundu halihitaji mkalimani. Vilevile, "Giftnotruf" nchini Ujerumani na "Giftlinjen" nchini Denmark ni huduma za simu kwa waliopatwa na sumu, wala si maduka ya zawadi.

Malawi, Zambia, Zimbabwe na hata Tanzania, Gift ni jina la mtu, la kiume na la kike. Katika orodha ya wanafunzi nchini Ujerumani, Mjerumani asiyejua Kiingereza atalisoma "Sumu". Matamshi nayo hayamsaidii, kwa kuwa lugha zote mbili hulitamka karibu sawa.